Punda Juu ya Mstari

Bi Zaituni Famau alikuja na nusu ya leso.
Ilisomeka MUNGU NDIYE, kisha alama za meno.
Aliianika ukutani, hapa Langoni, haijapindwa hata,
akageuka kukoroga uji,
na mato yake mawili yakaona kitako cha punda kikikata kona,
sikio la kushoto limepunguzwa ncha.

"Punda wote wa Shekuwe wamekatwa sikio la kushoto.
Mla leso amekatwa sikio la kushoto.
Basi mla leso ni wa Shekuwe. Mia saba."

Barazani watu wakaitika.
Iliteremka vizuri, kama ubeti uliotimia vina.
Baba akatia mkono mfukoni.

Nikasema, ngojeni.
Nilikuwa kidato cha tatu. Juma lile lile mwalimu Lali
alitufundisha kupima kiyasi kwa duara,
na chaki yake, Mungu anisamehe, ilikuwa kwangu.
Nikaleta kifuniko cha sufuria,
nikakizungushia chaki sakafuni mara tatu,
duara zikapandana.

Hii, punda wa baba. Hii, waliokatwa sikio.
Hii ya chini, wala leso.
Kauli ya kwanza: wa baba mwenye sikio zima hayuko.
Kile kipande chao kilichobaki nje ya masikio
nikakisugua makaa, kikawa cheusi. Hapo hapana kitu.
Kauli ya pili: yuko mla leso aliyekatwa sikio.
Huyo tumtilie alama. Wapi?

Bi Zaituni akachuchumaa, akanipokonya chaki.
"Hapa. Ndani ya wa baba yako."
Nani kakwambia ndani? Wa Matondoni hawakatwi masikio?
"Haya, nje."
Nani kakwambia nje?
Chaki ikabaki hewani.
Mwisho akaichora juu ya mstari wenyewe,
mguu mmoja kwetu, mguu mmoja kwa watu.
"Haikai," akasema.

Haikai. Baba akatoa mkono mfukoni, mtupu,
akanitazama kama mtu aliyegundua amezaa wakili.
Bi Zaituni akakunja nusu yake. Hakuaga.

Mwalimu Lali alikuwa na neno moja hachoki nalo:
mchoro haumjui punda.
Hupima mwendo wa hoja tu, na hoja yaweza kuvunjika mguu njiani
hitimisho likafika salama.

Hilo lilinirudia baada ya isha,
nilipompelekea Tajiri pumba zake, akakataa kula.
Nikampanua taya.
Nyuma, kwenye magego, kitambaa chekundu
kilichotafunwa kikatafunika, ila maandishi yamegoma:
AJUAYE.

Nikatoka na taa hadi barazani.
Watu wamelala. Alama bado iko juu ya mstari,
haijakanyagwa na mtu.
Mfukoni chaki imebaki kipande kama punje ya mchele.
Chatosha alama moja.