Mashine ya Barikieli

Saa kumi na mbili jioni, Majengo, Moshi,
Mama Aikande anashusha mlango wa bati nusu:
"Hesabu nimefunga. Kompyuta ni yako mpaka luku iseme."

Mchana kompyuta hii huandika barua za kuomba kazi,
mikataba ya vyumba, mialiko ya kipaimara,
hukata picha za pasipoti zenye pazia la bluu.
Usiku ni ngoma.

Sijanunua programu, sijapakua kitu,
sijamwomba mtu namba za wizi.
Nafungua kivinjari, naandika anwani,
na ukurasa ukishapanda (taratibu, bando la usiku,
kama uji unaokataa kuchemka)
studio inakaa hapo kiooni:
mkasi, kinanda, ngoma kumi na sita ndani ya vijisanduku,
na mstari wa kijani unaongoja mtu apumue.

Dirisha la duka linatazama ukuta wa duka la mbolea.
Mlima hauonekani kutoka hapa.
Langu ni hili jingine, lisilo na nondo,
na tabia yake naijua: ukilifunga kabla ya kuhifadhi
halikujui, halijawahi kukuona.
Kazi ya wiki mbili ilikwenda hivyo,
mtoto wa Mama Aikande alitaka katuni.

Jumanne akaja Barikieli
wa mashine ya kusaga na kukoboa, njia ya Pasua,
pumba kwenye nyusi, simu imefungwa rababendi.
"Kuna wimbo humu. Nimeutunga mwenyewe, nikiwa kazini.
Nitolee mashine. Nibakizie mimi."

Dakika nne na sekunde kumi na moja.
Niliitandika sauti yake kama fundi anavyotandika kitambaa.
Kuna kitufe: ukionjeshe kelele kidogo,
kikishaijua kitaifuta popote ilipo.
Nikakionjesha mngurumo. Kikaufuta.

Akabaki Barikieli peke yake,
na Barikieli peke yake hakujua kutembea.
Aliingia mapema, akachelewa, akavuta neno
hadi likakatika, akanyamaza pasipo sababu,
kama mtu anayecheza na mwenzake
na mwenzake ameondolewa uwanjani.

Nikatendua.
Mashine ikarudi, na miguu yake ikarudi.
Basi nikaikata mashine, si mtu:
sekunde mbili za mngurumo,
nikazinakili, nikazizamisha chini ziwe besi;
debe linapogonga sakafu, hiyo ngoma;
na mama mmoja anayesema "Dona, usinichanganyie"
nikamwacha palepale, baada ya beti ya pili,
maana aliingia kwa wakati kuliko sisi sote.

Saa tatu na robo luku ikaanza kulia.
Yuniti moja na nukta mbili.
Nikahifadhi. Nikapakua. Nikahifadhi tena, kwa hofu.

Kesho yake akavaa hedifoni.
Nilimtazama uso.
Akaukunja. Akainua kidole.
"Rudisha." Nikarudisha. "Hapo. Tena."
Nikadhani ni lile neno lililopinda.
"Mkanda," akasema. "Unasikia? Kila ikihesabu nne
unateleza. Miezi miwili nanusa mpira unaungua,
sijui wapi."
Akavua hedifoni, akaweka mia tano ya umeme mezani,
akatoka mbio kutafuta spana.

Wimbo hajauchukua hadi leo.
Uko hapa, kati ya mkataba wa chumba na mwaliko wa kipaimara,
unaitwa *barikieli mashine saba mwisho kabisa*.

Jana nilipita njia ya Pasua.
Mkanda mpya, mngurumo laini, hauna hata kikwazo.
Naye alikuwa anaimba, mgongo kwangu, mikono kwenye gunia.
Nikasimama nikahesabu kwa vidole,
moja, mbili, tatu,
na kwenye nne akachelewa kidogo,
palepale ulipokuwa ukiteleza.
Bado anausubiri.