Fundo la Pili

Sabitri wa kliniki aliniuliza ni mkono gani nautumia.
Nikacheka. Nani huku Bhojpur
ana mkono asioutumia?
Mmoja hushika mundu, mmoja hushika ulezi,
mtoto hushikwa na mgongo.
Akachagua wa kushoto.
Ganzi ikaingia kama maji ya kijito mwezi Desemba,
na vijiti viwili vikalala chini ya ngozi,
vyembamba kama njiti za kiberiti
zisizokusudiwa kuwasha kitu.

"Miaka mitano, Dilmaya," alisema, akaandika kadi.
Kadi nikaificha ndani ya gunia la mahindi ya mbegu,
mahali ambapo hakuna mwanamume atiaye mkono.

Khadga yuko Doha, juu ya majukwaa ya chuma.
Kila miaka miwili hupewa siku arobaini.
Alikuja mara ya kwanza, akaniachia Anjila.
Alikuja mara ya pili, akaniachia Dikesh.
Mara ya tatu aliniachia simu mpya, na mimba
iliyotoka njiani, kwenye ngazi za mawe,
nikiwa na kapu la kuni mgongoni,
na damu ikanifuata hadi mlangoni
kama mbwa wa jirani.
Hilo sikumwambia. Salio lilikuwa linakwisha.

Wasemao siku za mwizi ni arobaini
hawasemi ni nani aibiwaye.
Ni yeye, alalaye chumba kimoja na wanaume kumi na wawili,
arudiye kwake kama mgeni,
begi halijafunguliwa lote, linafungwa tena?
Au ni mimi,
ambaye kila arobaini yake
naimalizia kwa miezi tisa, kisha kwa miaka?
Simlaumu.
Nampenda yule mtu.
Ila nampenda kwa mwili mmoja, sina wa akiba.

Kisimani wanasema, na Phulmati husema kwa niaba ya wote:
"Mume yuko ng'ambo, dawa ya nini?
Aezekaye paa wakati wa kiangazi
anajua mvua yake itatoka wapi."
Mimi hujaza mtungi. Maji hayajibu, nami sijibu.

Sasa ni mwaka wa tatu. Usiku wa jana,
bega likiniuma kwa kuchanja kuni,
mama mkwe alipasha moto mafuta ya haradali
akaanza kunikanda, toka shingoni kushuka.
Kidole gumba chake kikasimama.
Kikarudi nyuma. Kikahesabu:
kimoja,
viwili.

Nikangoja radi.

Mama mkwe alizaa tisa.
Wanne walikua.
Watano wako ng'ambo ya kijito, chini ya mawe,
na wawili kati yao hawakungojwa hata na jina.

"Vinauma?"
"Siku za baridi, kidogo."
"Na damu yako ya mwezi?"
"Huja ikitaka. Kama pesa za mwanao."
Sijui ulimi wangu ulipata wapi ujasiri huo.
Alikohoa, au alicheka; moshi ulikuwa mwingi.

Mafuta yalipoa kwenye kibakuli. Kisha akasema,
akiutazama moto, si mimi:
"Kesho Phulmati anakuja kukopa chumvi.
Vaa blauzi ya mikono mirefu."
Akaendelea kukanda,
akipazunguka pale taratibu
kama mtu anayepalilia na hataki kukata mche.

Khadga anakuja mwezi wa tano.
Atashika mkono huu, kwa kuwa huanza na mkono.
Nitamwambia nini? Labda nitaanza na zile ngazi za mawe.
Labda nitamwacha ahesabu mwenyewe.

Alfajiri hii niliingia ghalani kutafuta kadi,
niisome tena tarehe.
Gunia la mbegu lilikuwa pale pale.
Juu ya fundo langu
palikuwa na fundo la pili,
limekazwa kwa meno ya mtu mzee.

Sikulifungua.