Mwanga Katika Mitutu Miwili

Jumapili, nje kidogo ya Llanidloes,
mvua imekatika lakini haijaaga.
Banda la mabati, birika la chai, kondoo wa jirani
wanaocheua bila kujali mlio, wala nani kakosa.
Eluned, aliyegawa barua bonde hili miaka thelathini na mmoja,
ananikabidhi bunduki iliyofunguliwa katikati
kama samaki aliyepasuliwa, anayengoja chumvi.

"Chungulia."
Nachungulia. Mitutu miwili, duara mbili za mawingu,
na katika moja, chini kabisa, sikio la kondoo.
"Umeona nini?"
"Mwanga."
"Basi ni tupu. Lakini ukimpa mwenzio akakurudishia,
ukiiweka mezani ukaenda chooni,
ukirudi, ina risasi.
Ina risasi mpaka jicho lako lenyewe likatae."

Mimi fundi wa matrekta, najua mashine zisizosamehe.
Najua shafti inayokula mkono wa shati, kisha mkono.
Lakini kanuni hii niliipata zamani,
kwa kibao,
Newala, kwenye baraza ya ghala la korosho.

Baba alililinda ghala la ushirika
kwa bunduki ambayo risasi zake za mwisho
zilinunuliwa mwaka niliozaliwa
na kuishia kwa nguruwe wa mashambani.
Kila magharibi aliipaka mafuta ya cherehani ya mama,
taratibu, ubavu kwa ubavu, majirani wakitazama.
Ndani ya mtutu buibui alikuwa na nyumba na watoto.
Siri hiyo ilikuwa ya watu wawili, baba na katibu.
Wa tatu nilikuwa mimi, mdaku wa miaka tisa.

Siku moja nikaiinua, nzito kama mchi,
nikamlenga dada yangu Somoe, anachambua mchicha.
"Pa!" nikasema kwa mdomo.
Kibao kilitua kabla sijaufunga.
"Lakini haina risasi, baba!"
"Nani kakwambia?"
Na Somoe, jani mkononi, alikuwa bado amefumba macho.

Wezi walikuja mara moja tu, usiku wa Februari.
Baba alisimama mlangoni, mtutu mbele,
akawahesabia. Mbili haikufika tatu.
Waliacha kandambili, miguu yote ya kushoto.
Asubuhi nilimsikia akitapika nyuma ya jiko,
kisha akamwomba mama ile chupa ya mafuta.

Sasa kitako begani, shavu kwenye mti,
kidole nje ya kifyatulio mpaka niwe tayari kweli.
Eluned yuko nyuma yangu, hatua moja, napasikia pumzi yake.
Naita: "Vuta!"
Njiwa wa udongo anaruka, rangi ya chungwa bivu,
hana damu, hana kifaranga, hana anayemngoja.
Teke. Moshi. Marisawa yanakwenda kutafuta mawingu
na njiwa anatua majanini, mzima.
Wa pili mzima. Wa tatu. Wa nne.
Wa tano anageuka vumbi, nami napiga yowe
kama mtoto, kisha naona aibu, sijui kwa nani.

Maji yakimwagika hayazoleki, tulifundishwa.
Hapa wanazoa maganda, yangali moto, kwenye ndoo.
Meurig, mwandika alama, ananipa sita kati ya ishirini na tano,
anasema kasisi wao alianza na mbili.

Kwenye chai Eluned anauliza:
"Kwenu mlikuwa na bunduki?"
"Moja. Ya kuogopwa, si ya kupigwa."
Anakoroga sukari muda mrefu kuliko sukari yenyewe.
Halafu ananinyooshea ileile,
aliyoichungulia mwenyewe dakika haijapita.
"Fungua. Tazama."
Naiinua usawa wa dirisha.
Mwanga upo, pande zote mbili.
Hata hivyo, kwa sekunde moja,
namtafuta buibui.