Nafasi Moja

Ģirts, usiku umenikuta macho,
upepo wa Liepāja unagonga dirisha
kama mdai aliyeahidiwa Jumatatu.
Kompyuta yako kuukuu ninayo mezani,
kando ya glavu isiyo na kidole gumba,
na ile karatasi uliyoniachia ukienda Dublin:
mistari mitatu, mwandiko wa kuku aliyepekua majivu,
na chini yake: *Usiogope, Shangazi. Haiumi.*

Haiumi, sawa. Ila haina adabu.
Nimefungua dirisha jeusi ulilonionyesha
na kijistari kimoja kinakonyeza, kinakonyeza,
wala hakisemi kinataka nini.
Nikaanza kiungwana. Nikaandika: habari za jioni.
Ikajibu: *amri haijulikani.*

Mimi, Ģirts!
Niliyeendesha kreni ya kiwanda cha chuma
miaka ishirini na sita,
nikishusha ndoo ya moto juu ya vichwa vya watu
bila kumwaga tone.

Basi nikanakili mstari wako, herufi kwa herufi.
Amri haijulikani.
Nikanakili tena. Haijulikani.
Nikavaa miwani, nikaisogeza karatasi kwenye taa,
ndipo nikaona: kati ya *sakinisha* na jina la programu
kuna pengo. Nililiruka,
nikidhani ni mkono wako umepumzika.

Nafasi.
Siku ile ya makufuli getini walitwambia hakuna nafasi,
nikaenda nyumbani na chupa yangu ya chai.
Sikujua kwamba nafasi ni kitu,
kwamba ina kitufe chake, kirefu kuliko vyote,
na usipoigusa
maneno mawili hukumbatiana mpaka yakakosa pumzi.

Ikaomba nywila. Nikachapa, kimya.
Hata nukta haikutokea.
Nikadhani vitufe vimekufa, nikachapa kwa hasira,
kumbe muda wote ilikuwa inasikia
bila kunitazama usoni,
kama padri nyuma ya pazia.

Kisha ikaniambia habari ya ajabu.
Niliomba programu moja tu, mwanangu,
ya kuchora ruwaza za glavu kwenye miraba,
nayo ikasema: huyu haji peke yake.
Anataka wenzake thelathini na wanane.
Mmoja wa herufi, mmoja wa rangi,
mmoja, nilivyoelewa, kazi yake ni kujua leo ni lini.
Ukipenda boga, penda na ua lake;
boga hili lina bustani nzima.
*Niendelee? N/h*

Kidole kikasita hewani.
N.

Mistari ikamiminika, Ģirts,
kama cheche za tanuru zamani zile,
ila hizi baridi, hazichomi shati.
Sikupepesa jicho hadi ya mwisho.

Na ya mwisho ilikuwa hii:
*Vifurushi vifuatavyo vililetwa kwa ajili ya vingine,
na sasa havihitajiki tena.*
Kumi na kimoja. Ikaorodhesha majina yao,
ikanifundisha na amri ya kuviondoa.

Barua ya namna hiyo ninayo kwenye droo, ina muhuri.
Aliipata Austra wa kantini,
akaipata Zigurds wa mizani,
watu walioletwa kwa ajili ya wengine.

Najua, ni takataka zako za zamani,
mabaki ya michezo uliyoichoka.
Utacheka. Cheka.
Lakini nimeitazama diski:
ina nafasi.
Sikuandika kitu. Vikae.

Programu imefunguka. Miraba myeupe, tele,
kama uwanja wa kiwanda baada ya theluji.
Nimechora nyota moja; ncha yake ya kushoto imepinda.

Nipigie kesho ukitoka zamu.
Kuna neno *onyo* pale juu, kwa rangi ya njano,
na karatasi yako haisemi
kama hapo ndipo pa kuanza kuogopa.