Hakukuwa na Swali

Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu.
Kalamu ya wino mweusi, daftari la kurasa mia mbili,
meza ndogo mkono wa kushoto wa mwenyekiti,
na nje ya dirisha upepo wa Trieste waitao bora,
usio na ubora wowote,
ukiwavua wazee kofia na kuzibiringisha hadi gatini.

Kiwanda kilikuwa cha kamba za meli.
Mwenyekiti: Egidio Dapretto.
Mtunza hazina: mwanawe.
Mkaguzi wa hesabu: kaka wa mkewe,
mtu mpole, hodari wa kusinzia bila kukoroma.
Kila Aprili tulisoma faida,
kila Aprili faida ilikuwa imenenepa kidogo,
na wenye hisa walipiga makofi kabla sentensi haijaisha,
kwa maana mlango wa pili ulikuwa wazi
na harufu ya soseji na haradali
ilishaingia ukumbini, ikaketi mstari wa mbele.

Hawakuwa wajinga. Niandike hilo pia.
Alikuwapo daktari wa meno, alikuwapo nahodha mstaafu,
alikuwapo mwalimu aliyekokotoa riba kichwani
huku akishuka ngazi za San Giusto.
Ila mwaka juzi jirani alinunua, akaongeza ghorofa;
mwaka jana wakanunua wao.
Bei ikipanda, ni akili zao.
Ikitetereka, ni hali ya hewa.

Akasimama Nerina Babich.
Hisa mia na kumi na mbili, urithi wa mume
aliyesokota kamba miaka thelathini na mmoja
hata viganja vyake vikawa havisikii moto wa kikombe.
Mtaka cha uvunguni sharti ainame,
naye alikuwa ameinama: ukurasa wa arubaini na tatu,
chini kabisa, pale herufi zinapokuwa ndogo kama chawa.
"Gawio hili," akauliza, "limetoka kwenye kamba
au kwenye mkopo?
Na huyu anayekagua, siku akiona kosa,
atamwambia nani kwanza: sisi, au dada yake?"

Ukumbi ukacheka. Hata mimi.
Mwenyekiti akatabasamu, akaniinamia sikioni:
"Lile la mama, usilitie."
Nikaandika: Hakukuwa na swali.
Maneno matatu. Mwandiko mzuri.

Ilipita miaka miwili, benki ikadai chake.
Daktari wa meno akauza Jumatatu.
Nahodha akauza kwa kuwa daktari ameuza.
Mwalimu akaing'ang'ania bei ya zamani
kama abiria kwenye kituo kilichohamishwa:
"Ikirudi lira elfu nne, natoka."
Haikurudi.
Mimi niliuza Alhamisi, bei ilipogusa sakafu,
kwa mkono uleule.

Wataalamu wakaja kutoka Milano na chati zao.
Wakasema ni nailoni, ni bei ya katani, ni dola.
Kweli, kamba ilivutwa.
Lakini kamba gani haivutwi? Ndiyo kazi yake.
Hukatikia pabovu,
na pale pabovu napajua mimi:
daftari la nne, ukurasa wa kumi na tisa, mstari wa sita.

Nerina hakuuza. Usimwite shujaa;
alipoteza kama sisi, pengine zaidi,
maana jiko lake lilikuwa la kuni hadi mwisho.
Nilipomuuliza kwa nini, alisema tu:
"Ningeuza, wangenizuia mlangoni."

Mkutano wa kufunga kampuni ulikuwa na watu kumi na mmoja.
Soseji hazikuwapo. Mwenyekiti alituma barua ya daktari.
Nerina akasimama na swali lilelile,
neno kwa neno, koti limefungwa vifungo vyote.
Hakuna aliyecheka, hakuna aliyejibu.
Niliandika yote, hata pale alipokohoa.
Wino ulikuwa unaishia. Nikakandamiza.