Bomba la Kushoto

Mji wenyewe una majina mawili,
Bozen na Bolzano kwenye kibao kimoja,
na Tsisana aliushukia na sanduku bovu la magurudumu
na lugha ambayo pale kituoni
hakuna aliyejua hata inaandikwaje.

Bi Notburga, miaka tisini na mmoja,
husema Kijerumani cha milimani, kikavu kama mkate wa juzi.
Mkazamwana wake Ornella, ambaye ndiye mlipaji,
husema Kiitaliano akiwa tayari mlangoni, funguo za gari zikilia.
Basi madaftari mawili:
la kijani chini ya mto, la manjano mfukoni mwa aproni.
Jumanne mwalimu huyu, Alhamisi yule,
na katikati shuka, supu, vidonge vya saa mbili usiku.

Mshika mawili, moja humponyoka.
Haya. Ila waliosema hawakumalizia:
linaloponyoka halianguki chini,
linatumbukia ndani ya lenzake.

"Caldo," alisema Ornella siku ya kuoga, "caldo, eh!"
akashuka ngazi.
Na Tsisana, aliyeamka alfajiri kukariri kalt,
kalt ya dirisha, kalt ya nyayo, kalt ya Januari nzima,
akasikia kile alichokuwa nacho kinywani.
Akafungua bomba la kulia.

"Kalt!" bibi alipiga kelele, maji yakimfika magotini. "Kalt!"
"Ja, caldo," akajibu Tsisana kwa fahari,
maana kwa mara ya kwanza lugha zote mbili zilikuwa zimekubaliana,
akaongeza.

Bibi hakuwa mtu wa subira. Alimrushia sifongo,
akataja mtakatifu fulani na mnyama fulani,
kisha mkono wake wa mishipa ukalifikia bomba la kushoto,
ukaukamata na mkono wa Tsisana, ukauweka chini ya maji
mpaka mvuke ukapanda kiooni.
"Tskheli!" Tsisana akaruka.
Neno la kwao, la jikoni kwa mama yake,
limetoka bila kuomba ruhusa ya daftari lolote.

Usiku akampigia mwanawe Kutaisi.
Alianza na allora, akajikatiza na aber.
"Mama," mtoto akauliza, "hapo unazungumza na nani?"
Hakujibu upesi. Alikuwa akitaka kumsimulia yote,
akawa anatafuta, kwa Kijojia,
neno la kawaida kabisa: sifongo.

Asubuhi chai ilichelewa.
Kutoka chumbani ikaja sauti isiyo na meno,
kwa hasira ile ile ya jana:
"Tskeli! Tskeli!"

Tsisana akasimama na birika mkononi.
Akapapasa mfuko wa aproni, akaacha.
Akapeleka kikombe mbio.
Ilikuwa vuguvugu.