Hesabu kwa Matofali

Soda ni matofali matatu.
Hivyo ndivyo nilivyoanza kuisoma dunia
mwaka ule nilipopata kiwanja Mwandiga,
hatua ishirini kwa thelathini, nyasi za kufika kiunoni,
na mgomba wa jirani umeegemea kwangu
kama mgeni asiyejua kuaga.

Tofali la kuchoma lilikuwa mia mbili.
Bodaboda kutoka Mwanga hadi Gungu: matano.
Vocha ya kusikiliza umbeya wa Zaituni: mawili na nusu,
na nusu haijengi.
Nikatembea. Nikanyamaza. Nikanywa maji ya mtungi.
Shemeji Bukuru akasema,
"Huyu Leokadia iko siku atatupikia matofali."

Asubuhi nauza mawese sokoni,
chupa kwa wapangaji, debe kwa wenye hoteli.
Faida ya chupa naitia kibubuni,
faida ya debe naipeleka kikoba Jumatano,
inayobaki ndiyo ya kula.
Si kinyume chake, Felista.
Anayesubiri kuweka kitakachobaki
ataweka sufuria tupu.

Kiwanja sikukinunua siku ya jua.
Nilikwenda Aprili, mvua inamwagika, viatu mkononi,
nikasimama nione maji yanapita wapi.
Kile cha kwanza, cha bei ya kutupa,
kilikuwa mto uliolala tu.
Cha pili nikabisha hodi nyumba tatu:
nani alilima hapa? nani aligombana hapa?
Baba akanionyesha jiwe la mpaka,
mwanawe akanionyesha jingine.
Nikaondoka, hela yangu salama ndani ya sidiria.
Cha tatu ndicho hiki. Mashahidi wanne, mhuri wa mtaa,
na mke wa muuzaji, niliyemsubiri saa nzima
atoke shambani, aweke dole gumba naye.

Walidhani nitahamia.
Chumba cha kwanza kilipopata bati
(geji ishirini na nane; ile ya thelathini, mvua ya Kigoma huitania)
nikampangisha mwalimu Sabiyumva,
mimi nikabaki Katubuka, kachumba ka uani,
kodi yangu nusu ya ile anayonilipa.
Dada akacheka: "Mwenye nyumba aliyepanga!"
Nikamwacha acheke.
Mwalimu ndiye aliyejenga chumba cha pili,
chumba cha pili kikachimba choo.

Ila kuna mistari miwili ukutani,
upande wa machweo, chini ya dirisha,
ambayo sijaipiga plasta,
na fundi Ntakije ameacha kuuliza.
Ni matofali sitini.
Ni nauli ya Kasulu, kwenda na kurudi,
wiki ile shangazi Nyamwiza aliponipigia:
"Njoo tu unione, siumwi sana."
Nikahesabu. Nikamwambia mwezi ujao,
saruji imeshuka bei, niiwahi.
Mwezi ujao nilikwenda bila kulipa,
katika gari la msiba.

Haya hawayasemi kwenye kikoba.
Mimi nayaweka hapa,
kati ya bei ya kokoto na bei ya misumari,
kwa kuwa umepata mshahara wa kwanza
na macho yako yanawaka kama yangu yalivyowaka.
Bana matumizi, bana mpaka yapige kelele.
Lakini uwe na kibubu cha pili, kidogo, cha nauli,
na hicho usikihesabu kwa matofali.

Jana mwalimu alikuja, kofia mkononi.
Mtoto kalazwa Maweni, kodi itachelewa.
Kichwa changu, kwa mazoea, kikaanza:
elfu sitini, ni matofali mia ta—
nikakikata kauli.
Nikakoroga uji, nikautia kwenye chupa ya chai,
nikajifunga kanga.
Tukaita bodaboda.
Bei sikuuliza.